Mama ameanza kusahau: kabla hujauliza "itakuwa lini?"

Tangu ndugu wasikie kwamba Mama alipelekwa kupimwa kumbukumbu hapa Moshi, kila anayepiga simu ana swali lilelile: je, atapata ule ugonjwa wa wazee kupotewa na akili, na kama ni kupata, itakuwa lini? Naandika ili nisirudie maelezo kwa kila mtu. Pia naona swali hilo linawapotezea watu muda ambao wangeutumia vizuri zaidi.

Alichoandikiwa Mama kwenye faili si demensia, yaani huo ugonjwa wa kupotewa na akili. Madaktari wanakiita kwa kifupi cha Kiingereza MCI: akili imeshuka kuliko inavyotarajiwa kwa umri wake, vipimo vinaonyesha, lakini bado anajiendeshea maisha yake. Ronald Petersen na wenzake wa Mayo Clinic, Marekani, walipotangaza vigezo vya hali hii mwaka 1999, mpaka waliuweka hapohapo kwenye kujitegemea. Ukivuka ukawa huwezi tena kuendesha siku yako bila msaada, hapo ndipo demensia inapotajwa.

Sasa hesabu. Kati ya watu 100 wenye hali hii wanaohudhuria kliniki za kumbukumbu, 10 hadi 15 hivi huingia kwenye demensia kila mwaka. Kwa wale ambao watafiti huwakuta kwa kupita nyumba kwa nyumba, idadi huwa ndogo zaidi. Wengine hubaki palepale kwa miaka mingi, na wapo wanaorudi kupimwa wakakutwa wako sawa. Mjomba aliposikia hayo akasema, "Basi huyo daktari hajui." Anajua. Anajua mwendo wa watu 100. Asichoweza kukuambia ni kwamba mama yako yumo kwenye wale 10 au kwenye wale 90.

Zipo njia za kupunguza kubahatisha. Kusahau mambo mapya hata ukimkumbusha kidogo kunaelekea zaidi kwenye Alzheimer, ugonjwa unaoongoza kwa kuleta demensia, kuliko kukosa jina la mtu halafu likaja jioni. Picha ya MRI inaweza kuonyesha kusinyaa kwa sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu. Kuna kipimo cha damu cha protini iitwayo p-tau217 ambacho nchi tajiri zimeanza kukitumia, na kuna kupima jeni la APOE e4, ambalo huongeza hatari lakini si hukumu. Kwa watu wa asili ya Afrika uhusiano wake na ugonjwa huu umeonekana kuwa hafifu kuliko kwa Wazungu. Ndugu yetu aliyeko ng'ambo alitaka tuchange tumpime Mama jeni hilo. Nilikataa, na ningekataa tena: jibu lolote ambalo lingekuja lisingebadilisha hata kidonge kimoja kwenye meza yake.

Kipimo ambacho kila familia inacho bure ni shughuli za kila siku, hasa zile ngumu: fedha, dawa, safari, kupanga shughuli yenye mambo mengi. Hizo huyumba kwanza, muda mrefu kabla ya kuoga na kuvaa. Mama aliuza ndizi soko la Mbuyuni karibu maisha yake yote na ndiye mhazini wa kikoba chao. Darasa la nne, lakini hesabu anapiga kichwani. Dalili iliyonishtua haikuwa miwani aliyosahau kwa jirani. Siku ya kikoba alihesabu noti za elfu kumi, akaandika, akazihesabu tena, akafuta, kisha akamsukumia daftari mwanamama wa pembeni: "Andika wewe, macho yangu leo hayako vizuri." Macho yalikuwa vizuri. Mtori wake wakati huohuo ulikuwa uleule, chumvi ileile, na kanisani alikwenda na kurudi mwenyewe.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni daftari. Usiandike "leo kasahau". Andika alichokuwa akifanya mwenyewe na sasa hakifanyi, au anakifanya kwa msaada, na tarehe. Anatuma hela kwa simu bila kuuliza namba ya siri? Dawa ya presha anakunywa bila kukumbushwa? Andika pia kama amepoa, hataki tena watu wala mambo aliyoyapenda, maana hilo nalo madaktari hulitazama. Daktari anamwona mgonjwa kwa nusu saa, tena siku aliyojikaza na kuvaa kitenge kizuri. Wewe unamwona mwaka mzima. Rudi kupima baada ya miezi sita hadi mwaka. Tofauti kati ya vipimo viwili inasema mengi kuliko alama za siku moja.

Kuhusu kipimo chenyewe, tuna bahati mkoani kwetu. Watafiti waliofanya kazi Wilaya ya Hai walikuta demensia kwa watu 6 hivi katika kila 100 wenye miaka 70 na zaidi, na hukohuko kikatengenezwa kipimo kiitwacho IDEA, kisichomtaka mzee ashike kalamu. Vipimo vingi vya kigeni humwambia achore saa, na bibi ambaye hakusoma anaonekana mgonjwa kwa sababu tu hakusoma. Mama aliulizwa siku na mahali alipo, akapewa maneno 10 ya kukumbuka, akapanga njiti za kiberiti kwa kufuata mfano, akataja wanyama. Alianza ng'ombe, mbuzi, kuku, kondoo, akanyamaza, akasema ng'ombe tena, akacheka mwenyewe. Omba kipimo hicho kwa jina.

La pili, na hili ndilo ningelipigia kelele: tafuta vinavyotibika kabla hujaanza kutabiri. Tezi ya shingo, upungufu wa vitamini B12 (wenye sukari wanaotumia metformini kwa muda mrefu waangalie hapa), VVU, sonona, pombe. Mbege nayo ni pombe, wazee wetu msinichukie. Mama alikuwa na mazoea ya kunywa vile vidonge vidogo vya njano vya mafua, klofeniramini, kila usiku ili apate usingizi. Vinauzwa kama pipi, lakini kwa mzee vinatia ukungu kichwani. Tuliviacha kwa ushauri wa daktari na asubuhi zake zikachangamka. Havikuwa chanzo chote, ila alama zake zilipanda.

Halafu presha, sukari, masikio na macho. Ripoti ya jopo la jarida la Lancet ya mwaka 2024 ilitaja mambo 14 yanayoweza kurekebishwa, na kukadiria kwamba karibu asilimia 45 ya demensia duniani ingeweza kuzuilika au kucheleweshwa. Usikivu hafifu umo, na mtoto wa jicho usipotibiwa unakupeleka kulekule kwenye uoni hafifu, ambao nao umo. Kwa dawa za "kuongeza kumbukumbu" wanazokutajia madukani, weka hela yako mfukoni. Donepezil, ambayo ni dawa halisi ya Alzheimer, ilijaribiwa kwa watu wenye MCI na baada ya miaka 3 haikuzuia demensia.

La tatu ni mambo ya karatasi, ambayo Uchaggani watu hawapendi kuyagusa mzee akiwa hai. Wakati akili ingali yake, mwache mwenyewe aseme kihamba, yaani shamba la ukoo, kiende kwa nani, nani amshikie fedha, na akiumwa apelekwe wapi. RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, huandika na kutunza wosia. Wosia unaoandikwa mtu akiwa tayari amechanganyikiwa unawapa ndugu sababu ya kwenda mahakamani. Sisi tulimkalisha Mama tukiwa na baba mdogo na dada zangu, akaanza kwa kutufokea kwamba tunamzika, kisha akapanga kila kitu hadi migomba ya mpakani.

Ila kuna jambo moja lisilongoja daftari wala miadi. MCI huenda polepole, kwa miezi na miaka. Mzee aliyekuwa sawa juzi na leo hajui yuko wapi, anaona vitu visivyokuwepo, anasinzia mchana kutwa, au amebadilika baada ya kuanguka na kugonga kichwa, huyo mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Inaweza kuwa maambukizi, sukari, kiharusi au damu iliyovujia ndani ya fuvu, na damu hiyo inaweza kujitokeza wiki kadhaa baada ya kuanguka. Waambie kwamba alianguka, hata kama yeye anasema hakuanguka.