Nafasi Moja Tupu Katika Faili la exports

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia kwamba kwa siku tatu ameshindwa kuunganisha hifadhi ya mtandao na seva yake ya Proxmox, mfumo unaoendesha mashine pepe (kompyuta za kiprogramu) nyingi ndani ya kompyuta moja, na kwamba mkuu wake wa kazi ameanza kumtazama kwa jicho la shaka. Ujumbe huo ulinikumbusha mkasa wangu mwenyewe, ambao nimekwepa kuusimulia kwa sababu sehemu yake ya kwanza inaniaibisha hadi leo.

Ofisi niliyokuwa nikiitumikia ilikuwa na seva mbili za Proxmox ambazo diski zake za ndani zilikaribia kujaa. Nilipendekeza kompyuta moja ya zamani yenye Debian, aina ya Linux, igeuzwe kuwa hifadhi ya NFS, yaani njia ya kushiriki folda kupitia mtandao, ili mashine pepe ziweze kuhamishwa kutoka seva moja hadi nyingine bila kuzimwa. Pendekezo hilo nililitetea kikaoni kwa maneno mengi, na ndiyo maana yaliyofuata yalikuwa machungu zaidi.

Katika faili la /etc/exports, linalotaja folda zinazoshirikiwa na nani anaruhusiwa kuzitumia, niliandika njia ya folda, kisha anwani 10.10.10.11, nikaacha nafasi, halafu nikafungua mabano yenye rw (kusoma na kuandika) na no_root_squash (kumwachia root, msimamizi mkuu wa kompyuta, mamlaka yake yote). Kwa NFS ya Linux, mabano hayo lazima yagusane na anwani. Yakitengana nayo, anwani hubaki na masharti ya kawaida, yaani kusoma tu, na yale yaliyomo ndani ya mabano hupewa kila mtu mwingine. Kwa hiyo seva yangu ilikatazwa kuandika, ilhali mgeni yeyote ambaye angeingia kwenye mtandao ule angeweza kuandika kwa mamlaka ya root. Amri ya exportfs -ra, inayolisoma upya faili hilo, ilinionya kuhusu mstari huo, nami nikalipita onyo bila kulisoma.

Proxmox iliunganisha folda, kisha ikalalamika iliposhindwa kutengeneza folda zake ndani ya /mnt/pve. Nilibadilisha ruhusa ziwe 777, yaani kila mtu aruhusiwe kila kitu, nikabadilisha mmiliki wa folda, nikazima fayawoli, nikawasha upya seva zote mbili, na kulipokucha nilikuwa palepale. Mkuu wangu akamwita mtaalamu wa nje, kijana niliyemzidi umri kwa miaka mingi. Aliandika exportfs -v, amri inayoonyesha masharti yanayotumika, akacheka, akafuta nafasi ile. Kicheko chake nimekisahau. Malipo yake, yaliyotajwa kikaoni mara mbili, sijayasahau.

Kabla ya kuondoka, kijana huyo aliongeza MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti moja ya mtandao, hadi baiti 9000 kwenye seva, kwenye hifadhi na kwenye swichi, lakini hakuandika popote kwamba amefanya hivyo. Miezi michache baadaye swichi iliungua, tukaweka nyingine. Hifadhi ilionekana vizuri na folda ndogo zilifunguka, lakini bekapu ya kwanza ilikwama, na kwenye ukurasa wa Proxmox mashine zote zikageuka alama za kuuliza za kijivu. Ping ya kawaida, inayotuma pakiti ndogo na kungoja jibu, ilipita. Safari hii sikugusa ruhusa yoyote. Niliandika ping -M do -s 8972, inayotuma pakiti kubwa bila kuruhusu igawanywe, kwa kuwa baiti hizo pamoja na 28 za vichwa vya pakiti hufikia 9000 kamili, na hakuna jibu lililorudi. Nilipoandika 1472, majibu yakaja mfululizo. Swichi mpya ilikuwa ikizitupa pakiti kubwa kimyakimya. Nilipoiruhusu kuzipitisha, bekapu iliyokwama ikaendelea yenyewe, kwa sababu NFS iliyounganishwa kwa sharti la hard husubiri na kujaribu tena. Siku hiyo hakuna mtaalamu aliyeitwa, na ningependa hilo nalo lingetajwa kikaoni.

Ndugu msomaji, anzia chini: jaribu waya na pakiti kubwa kabla ya poti (milango ya mtandao yenye namba), poti kabla ya ruhusa, na ruhusa kabla ya kuilaumu Proxmox. Andika faili moja ukiwa root kabla hujahamisha mashine hata moja. Soma maonyo. Nasema tena, soma maonyo, kwa maana kiburi cha kuyapuuza nimekilipia.

Msomaji wangu aliambiwa na Proxmox kwamba hifadhi haipo hewani, ingawa alipoiunganisha kwa mkono ilikubali. Alikuwa amefungua poti 2049 peke yake, ambayo inaitosha NFS ya toleo la 4. Lakini pasipo kuelezwa toleo, Proxmox huikagua hifadhi kwa showmount, amri inayoiuliza orodha ya folda zake, ambayo huhitaji poti 111 na ile ya mountd, programu ya hifadhi inayoijibu. Jana jioni amenijibu kwamba amezifungua na sasa hifadhi inaonekana, ila haikubali kuandikwa. Nimemwomba anitumie mstari wake wa exports jinsi ulivyo, pamoja na nafasi zake zote.