SSD ya SATA au NVMe kwenye desktopu? Fungua kava kwanza ndo uende dukani

Ukisimama kaunta pale Kariakoo umeshika SSD mbili mkononi, yani diski za chipu zisizozunguka, moja ya SATA (inaunganishwa kwa njia ya zamani) moja ya NVMe (njia mpya ya haraka), muuzaji atakwambia hii ya NVMe ni spidi mara sita mpaka saba, ongeza hela kidogo tu uchukue. Na kwenye namba hajakudanganya. Ila hajakuuliza nyumbani una mashine gani, na hilo ndo swali lenyewe, mengine yote yanafuata baadae. Watu wananitumia picha za maboksi, bro nichukue ipi, nikiuliza desktopu yako modeli gani najibiwa "Dell nyeusi". Sasa Dell nyeusi zipo za 2012 na zipo za juzi.

Tuanzie hapo hapo kwenye mashine. Desktopu nyingi tunazotumia huku ni zile zilizotoka maofisini Ulaya na Marekani, nyingine zimepitia Dubai, yani OptiPlex, EliteDesk, ThinkCentre, i5 kuanzia kizazi cha tatu mpaka cha nane. Ni mashine ngumu sana na mi kwa kweli nazipenda kuliko hizi mpya za bei chee. Lakini kwa ndani hazifanani kabisa. Chukua OptiPlex 7010, ile ya kizazi cha tatu: kwenye madabodi hamna sloti ya M.2, ile nyembamba ya kulaza kibao cha SSD, ina pointi za SATA basi, na hata hizo pointi haziko sawa maana chipseti yake ya Q77, chipu inayosimamia hizo pointi, inatoa mbili tu zinazokimbia 6Gb kwa sekunde, zilizobaki ni 3Gb. Kwahiyo ukichomeka SSD mpya kwenye pointi ya pembeni kwa sababu waya umefika vizuri hapo, unapata kama 280 MB kwa sekunde badala ya 550 na mashine haikwambii kitu. Soma maandishi madogo kwenye bodi, SSD iende SATA0, DVD ndo ihamie huko kwingine, DVD haina haraka.

Njoo sasa kwenye OptiPlex 7050, au EliteDesk 800 G2 na G3. Hizo zina sloti ya M.2 inayopokea NVMe na zinawaka nayo bila kubembeleza. Kwa hesabu ya haraka haraka, kuanzia Intel kizazi cha sita, 2015 hivi, ndo sloti hizi zilianza kuwa kitu cha kawaida, ila usichukulie kila mashine ya kizazi hicho inayo maana matoleo ya bei ya chini mengine hawakuweka. Andika modeli yako mtandaoni, tafuta kitabu chake cha maelekezo (manual), angalia mchoro wa bodi. Au fungua kava uone kwa macho, OptiPlex nyingi hata bisibisi hazihitaji.

Na ukifungua usije ukaona sloti fupi fupi ukashangilia. Ipo moja ya kadi ya WiFi, na yenyewe ni M.2 vilevile, ila pengo lake liko sehemu nyingine na SSD ya kawaida haiingii. Ya SSD mara nyingi ina nafasi ndefu mbele yake na tundu la skrubu mwisho, pembeni ya matundu wameandika 2280, yani upana milimita 22 urefu 80, ndo saizi inayojaa madukani.

Hapa ndo watu wengi wanapigwa. M.2 ni umbo tu la kile kibao. Ndani ya umbo hilo hilo zipo SSD za SATA na zipo za NVMe, na ya SATA hata ikiwa nyembamba na ya kisasa kiasi gani spidi yake ni ile ile ya SATA, 550 MB kwa sekunde, haivuki. Tena sloti nyingine zinakubali NVMe pekee, nyingine SATA pekee, nyingine zote mbili. Ukiigeuza SSD uone meno yake ya dhahabu, ya SATA huwa na mapengo mawili, NVMe nyingi zina moja. Nimesema nyingi kwa sababu zipo NVMe chache zenye mawili, kwahiyo macho yamalizie kwenye lebo, paandikwe NVMe au PCIe, ambayo ndo njia NVMe inapitia kwenye bodi. Kama lebo inasema "M.2 SSD" tu bila kufafanua, mrudishie muuzaji.

Sasa spidi. SATA ya tatu mwisho wake ni hiyo 550. NVMe ya PCIe 3.0 (hiyo namba ni toleo) inafika kama 3500, ya 4.0 kama 7000, na za 5.0 zinasogea 14000. Ukiziangalia unaona SATA ni takataka. Lakini hizo ni namba za kusoma faili moja kubwa lililonyooka, na Windows ikiwaka haisomi hivyo, inaokota vijifaili maelfu kwa maelfu huku na kule. Kwenye CrystalDiskMark, programu ya kupima spidi ya diski, kuna mstari wa RND4K Q1T1, huo wa chini ambao wauzaji hawauonyeshi, angalia hapo: hadi diski ya kawaida haifiki hata 2 MB, SSD ya SATA huwa inacheza 30 mpaka 40, NVMe ya kawaida 50 mpaka 80. Umeona pengo lilipo? Kutoka hadi diski kwenda SATA ni kuzaliwa upya, kutoka SATA kwenda NVMe ni nafuu tu, ukiwa unafungua Word na Chrome hutoiona hata ukiwekewa mashine mbili pembeni kwa pembeni.

NVMe inatamba pale kazi zinapokuja nyingi kwa mkupuo. SATA inatumia AHCI, mfumo uliotengenezwa wakati wa hadi diski za kuzunguka, foleni moja yenye nafasi 32. NVMe, toleo la kwanza lilitoka 2011, imepangwa kwa ajili ya SSD toka mwanzo, inaruhusu foleni mpaka 64,000 na ushee na kila foleni inabeba idadi kama hiyo. Ni sawa na benki yenye dirisha moja na benki yenye madirisha ukuta mzima, mkiwa wateja wawili mtahudumiwa muda ule ule, tofauti inaonekana mwisho wa mwezi mishahara ikitoka. Desktopu ya nyumbani karibu muda wote ina wateja wawili.

Kwahiyo inategemea unafanya nini. Shemeji yangu ana stesheni karibu na chuo, anaprinti, anaskani, anatype, ana OptiPlex ya zamani. Yule nilimwekea SATA ya GB 240 na nikamwambia hela iliyobaki anunue RAM, na ndo ushauri wangu kwa yeyote mwenye kazi kama hizo, shule, duka, kanisa, mahesabu ya Excel. Usihangaike. Gemu vilevile, gemu nyingi zinafunguka kwa tofauti ya sekunde chache tu, sijui kwanini vijana wanagombana sana kwa hili wakati kadi yao ya grafiki ndo inayowaangusha.

Waediti wa video ndo wanaobisha zaidi kwahiyo nikae hapa kidogo. Kaka anashuti harusi, kamera ya Sony inarekodi 4K kwa 100 Mbps, yani megabiti 100 kwa sekunde, anasema bila NVMe ya PCIe 4.0 hawezi kuediti. Tupige hesabu. 100 Mbps ukigawa kwa 8 ni MB 12.5 kwa sekunde. Weka kamera nne kwa pamoja kwenye taimulaini, MB 50. SATA inatoa 550. Hapo kinachokwama ni prosesa inayofungua hiyo H.264, ile video iliyobanwa ya kamera, wala siyo SSD, na ukiongeza SSD ya bei mbaya video itaendelea kukatakata vile vile. Kumwaga kadi je? Kadi ya SD ya UHS-I, zile za kawaida, kwa kiwango chake mwisho ni 104 MB kwa sekunde hata ukiimwagia kwenye diski ya malaika. Ukikopi kutoka kwenye hadi diski ya nje, unakwenda kwa mwendo wa hiyo hadi diski. Ila ukianza kufanya kazi na ProRes 422 HQ ya 4K, video za kuediti zisizobanwa sana, picha 30 kwa sekunde, mkondo mmoja tu unakula kama MB 110, mikondo mitatu minne SATA inaanza kuhema, hapo kweli chukua NVMe tena bila kujadili. Au kama unahamisha miradi ya GB 200 kutoka SSD moja kwenda nyingine mara kwa mara, SATA ni dakika saba hivi, NVMe mbili nzuri ni dakika moja na kitu, kwa mtu anayefanya hivyo kila siku ni maisha tofauti.

Pamoja na yote hayo, kama mashine yako ina sloti ya NVMe, chukua NVMe. Nasema hivyo kwa sababu bei siku hizi zimekaribiana sana, hakuna waya wa data wala wa umeme kupitisha, na kuna jambo lingine wengi hawalijui: SSD za bei rahisi za aina zote mbili huwa hazina DRAM yake, yani kumbukumbu ya haraka ya kutunza ramani ya data ilipo, ila NVMe inaweza kuazima kipande kidogo cha RAM ya kompyuta kufanya hiyo kazi, SATA haiwezi. Kwahiyo NVMe ya bei rahisi inavumilika kuliko SATA ya bei rahisi. Ila usinunue ya 4.0 kwa ajili ya bodi ya 3.0 labda bei iwe ile ile, itafanya kazi ndiyo, ila kwa spidi ya bodi. Na 5.0 kwa matumizi ya kawaida ni joto na hela tu, Dar hii joto tunalo la kutosha.

Kilichonishinda kukielewa ni watu wanaogombania SATA na NVMe alafu hawaulizi chipu za ndani. TLC au QLC, yani kila kijumba cha chipu kinabeba biti tatu au nne? SSD ya QLC inaanza na mbwembwe, ikijaza ile sehemu yake ya haraka inaweza kudondoka mpaka chini ya spidi ya hadi diski. NVMe ya QLC katikati ya kukopi GB 150 inaweza kupitwa na SATA nzuri ya TLC, bila utani. Mi nikiwa na hela ya kuchagua kitu kimoja naenda na TLC kwanza, alafu ukubwa, interfeisi (SATA au NVMe) inakuja ya tatu.

Adapta za kuchomeka NVMe kwenye sloti ya PCIe nazo zinauzwa sana sa hivi. Ni nzuri kwa kuhifadhi mafaili, Windows ikishawaka itaiona. Kuwaka nayo kwenye mashine za kizazi cha tatu kurudi nyuma ni shughuli nyingine, BIOS nyingi za zamani, ile programu ya kuwashia mashine, hazijui NVMe ni kitu gani, wapo wanaotumia flashi yenye Clover, programu ya kuanzishia Windows, kuizunguka na inakubali, ila siku flashi ikichomolewa na mtoto unaanza upya. Na adapta ukiiweka kwenye ile sloti fupi kabisa ya x1 ya PCIe 2.0 unapata MB 500 tu, yani umenunua SATA kwa njia ndefu.

Ukishanunua, vitu vya kuangalia. Skrubu ndogo ya kushikilia M.2, kwenye mashine za mtumba mara nyingi imeshapotea, iombe dukani hapo hapo kabla hujalipa. Unaichomeka ikiwa imeinama kidogo alafu unailaza, usiisukume ikiwa imelala. Kwenye Dell nyingi ukifika kuweka Windows utaambiwa hamna diski, usirudi dukani kugombana, ingia BIOS sehemu ya SATA Operation utakuta imekaa RAID On, weka AHCI, itatokea. Hakikisha pia namna ya kuwasha ni UEFI (ya kisasa) na siyo Legacy (ya zamani). Bodi nyingine za kuunganisha mwenyewe ukijaza M.2 zinazima pointi moja au mbili za SATA, kwahiyo diski nyingine ikipotea ghafla ihamishe pointi kwanza kabla hujaita fundi. Ikishawaka, programu ya CrystalDiskInfo itakuonyesha imeunganishwa kwa spidi gani na imeshatumika masaa mangapi, SSD "mpya" yenye masaa elfu nane unajua cha kufanya. Na TB 2 kwa bei ya GB 256 ipitishie H2testw, programu ya kupima ukubwa wa kweli, ijazwe mpaka mwisho, nyingi zinafia njiani.

Hadi diski ya zamani usiitupe, itakaa kama D ya kuwekea sinema na mabakapu. Lakini wakati unaweka Windows kwenye SSD mpya ichomoe waya kabisa, kwa sababu Windows ikiikuta hapo inaweza kwenda kuweka faili zake za kuwashia huko kwenye hadi diski ya zamani, wewe huoni tofauti yoyote, mashine inawaka fasta umefurahi, alafu siku hadi diski inakufa au umeitoa umpe mtu, desktopu haiwaki tena na fundi anakuchaji SSD nyingine wakati yako ni nzima kabisa.