Usiingie duka la rehani na akili ya televisheni

Machi 2017 giaboksi ya gari langu ilikufa Houston, jimbo la Texas, saa kumi na moja alfajiri, nikiwa njiani kwenda zamu. Aliyewahi kuishi Houston anajua hilo ni janga la namna gani. Mji ule hauna daladala ya kukuokoa; huna gari, huna kazi. Fundi alitaka dola 900, mimi nilikuwa na 520. Rafiki zangu wote walikuwa wanasubiri mshahara kama mimi. Nilichobaki nacho ni bangili mbili za dhahabu ambazo mama alinivisha siku naondoka Tanga.

Sikuogopa kwenda kuziweka rehani, na hapo ndipo kosa lilipoanzia. Nilijiona mjuzi. Kwa miaka mingi mimi na dada niliyekuwa nakaa naye tulikuwa watazamaji wakubwa wa Pawn Stars, kile kipindi cha chaneli ya History kilichoanza 2009, cha duka la Gold & Silver la Las Vegas. Mzee Richard Harrison amekaa ananung'unika, mwanawe Rick anasimulia historia ya bunduki ya kale, mjukuu Corey anabana bei, Chumlee anachekesha. Tulijua mpaka mwendo wa maongezi yao. Mwenye kitu anataja bei ya ndoto, Rick anaita mtaalamu, mtaalamu anataja thamani, Rick anatoa kama nusu yake, wanavutana kidogo, wanapeana mikono. Nikaingia duka la kwanza nimejiandaa kuvutana. Kichwani nilikuwa na dola 800.

Kijana wa kaunta hakuniuliza bangili zimetoka wapi. Hadithi ya mama niliyoipanga tangu usiku ilibaki kooni. Aliuliza swali moja tu: unauza au unaweka?

Kwenye televisheni swali hilo hupita kama upepo, na jibu karibu kila mara ni "nauza". Dukani kwenyewe ndilo swali zito kuliko yote. Ukiuza, unachogombania ni bei. Ukiweka rehani, umekopa, na kinachokuumiza au kukuokoa ni riba na siku. Mimi nilikuwa nimejifunza kuuza kwa kutazama miaka minane, halafu nikaenda kukopa.

Tuanze na mizani, maana huko nilinusurika kwa bahati. Bangili zangu zilikuwa gramu 24 zote mbili, na zina mhuri wa 875, yaani karati 21, dhahabu ya Uarabuni ambayo masonara wa pwani yetu wanaijua hata gizani. Kijana yule alizoea karati 10 na 14, ambazo ndizo zimejaa Marekani. Akaugeuza mhuri, akaukunjia uso, akasema atazihesabu kama karati 14 "ili tuwe salama". Salama ya nani? Akasema atanipa 250.

Ilibidi nikae kwenye kituo cha basi nipige hesabu kwa simu. Dhahabu safi wakati ule ilikuwa dola 1,200 na kitu kwa aunsi, na aunsi ya dhahabu ni gramu 31.1, si 28 ile ya jikoni. Karati 21 maana yake sehemu 21 katika 24 ni dhahabu tupu. Kwenye gramu zangu 24 hiyo ni gramu 21. Thamani ya kuyeyushwa tu, bila ufundi wala urembo, ilikaribia dola 830. Kwa karati 14 ingekuwa kama 550. Tofauti ya mhuri mmoja asiotaka kuujua ilikuwa karibu dola 280.

Duka la pili yule mama wa kaunta alisugua bangili kwenye jiwe, akadondosha tindikali mbele ya macho yangu kupima karati, akaitikia kichwa, akaniambia anaweza kunikopesha 400. Hakuna aliyepiga kelele, hakuna mtaalamu aliyeitwa. Kwa hiyo ukienda na dhahabu, jua karati yako kabla ya kufika, omba mizani ielekezwe kwako, na uliza inasoma kwa kipimo gani. Masonara wa Marekani wana kipimo chao cha kizamani ambacho ni gramu moja na nusu na kidogo. Bei ya gramu na bei ya kipimo kile zikichanganywa kwa makusudi, umeshapigwa na huku unatabasamu.

Sasa riba. Nilitia saini haraka kwa sababu nilikuwa nawaza gari. Karatasi ilisema dola 60 kwa mwezi. Nikaona sitini si kitu. Kwenye kisanduku kidogo, kwa sababu sheria ya taifa ya mwaka 1968 inamlazimisha mkopeshaji aandike riba ya mwaka, palikuwa na namba 180. Asilimia 180. Niliiona. Naapa niliiona, nikadhani ni namba ya fomu.

Nilipanga kukomboa baada ya mwezi mmoja. Mwezi wa kwanza kodi ya nyumba ikanibana, nikalipa 60 ili nisogeze siku. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu nikaugua mafua nikakosa zamu nne. Wa nne sikumbuki hata sababu. Mwezi wa tano nikapeleka 460 nikatoka na bangili zangu mkononi. Jumla nililipa dola 700 kwa mkopo wa 400, na karibu niwashukuru.

Je, walinidhulumu? Nimelifikiria hili muda mrefu, na jibu langu hubadilika kulingana na siku. Texas inaruhusu asilimia 15 kwa mwezi kwa mkopo wa kiasi kile, na mikopo midogo zaidi hupanda hadi 20. Hawakunidanganya neno hata moja. Ningeshindwa kabisa wangechukua bangili na mambo yangeishia hapo: hakuna wa kunipigia simu, hakuna mahakama, jina langu lisingechafuka kwa mtu. Nawajua watu waliokopa kwenye aplikesheni kule nyumbani, wakapigiwa simu mpaka mashemeji zao. Kwa kipimo hicho rehani ina heshima yake. Lakini biashara ambayo faida yake inakua kadiri unavyochelewa haiwezi kukuombea uwahi.

Ndiyo maana kuwatazama akina Rick hakunisaidii kupima haki. Kwa kuuza, mimi namtetea yule bwana. Watu humwita mwizi kwa sababu mtaalamu ametaja dola 10,000 naye akatoa 5,000, lakini yeye husema wazi: nitakaa nacho, nitalipa wa kukitengeneza, mnada utakata fungu lake, na mnunuzi huenda asije mwaka mzima. Ukitaka bei ya mnada, nenda mnadani ukasubiri. Kuna sehemu moja naikumbuka sana: mama mmoja alileta pini ya kifuani yenye umbo la buibui, akaomba dola 2,000. Ilikuwa kazi ya nyumba ya Fabergé. Rick akamlipa 15,000. Hakulazimishwa na sheria yoyote ninayoijua. Tulipiga makofi sebuleni.

Nikaja kujiuliza baadaye: angefanya hivyo bila kamera? Labda. Simjui moyo. Ila najua kwamba kaunta niliyosimama mimi haikuwa na kamera, isipokuwa ile ya juu inayolinda mali.

Kipindi cha Hardcore Pawn, kilichorushwa 2010 hadi 2015 kutoka duka la familia ya Les Gold kule Detroit, kilionyesha upande wa pili: wateja wanalia, wanatukana, wanatolewa nje na walinzi. Wengi hukiona cha fujo tu. Mimi nadhani kilikuwa na ukweli zaidi, kwa sababu angalau walioko pale wamekuja kukopa na kukomboa. Tatizo lake ni kwamba kinamfanya mwenye shida aonekane kichekesho. Na jambo ambalo hakuna kamera itakuonyesha: Michigan, jimbo la duka lile, imeweka ukomo wa riba ya rehani asilimia 3 kwa mwezi, pembeni ya ada ya kuhifadhi. Nevada ya akina Harrison inaruhusu zaidi ya 10. Bangili zile zile, mwanamke yule yule, ukivuka mpaka wa jimbo unakuwa na deni jingine. Ukihamia jimbo jipya, ulizia hilo kabla hujapata shida, siyo siku ya shida.

Mwaka 2019 nilipita Las Vegas nikaenda kulitazama lile duka. Dogo kuliko lilivyo kwenye skrini. Watu wamepanga foleni kununua fulana na vinyago vya Chumlee. Mzee Harrison alikuwa ameshafariki mwaka uliotangulia, Mungu amrehemu, na hao wengine hawakai kaunta tena. Sababu yake nzuri: sheria inataka jina la anayeweka rehani libaki siri, na siri haiwezekani mahali ambapo watalii mia wanapiga picha. Nilifurahi kusikia hivyo. Nilikumbuka nilivyojificha uso na mtandio nikitoka duka la Houston, nikiomba nisikutane na Mtanzania.

Mama nilimficha miaka miwili. Nilipomwambia, nilitegemea kilio. Akasema, "Mwanangu, Mtume amefariki deraya yake iko rehani kwa Myahudi, kwa shayiri ya watu wa nyumbani mwake. Rehani si aibu. Hiyo sitini kila mwezi ndiyo unieleze." Sikuwa na la kumweleza. Kisha akauliza kwa nini sikuuza moja nikabaki na moja. Miaka minane ya televisheni, na wazo hilo halikuwahi kunijia.

Alikuwa sahihi kwa hesabu. Bangili moja ilikuwa na dhahabu ya dola 415 hivi. Ningepata labda 330 kwa kuuza, nikaazima hamsini kwa mtu, na mambo yangeisha siku ile ile.

Stakabadhi nayo itunze kama pasipoti, piga na picha, maana mwenye karatasi ndiye mwenye mali. Texas hukupa siku thelathini nyingine baada ya tarehe ya mwisho kabla kitu hakijawa chao, lakini saa ya riba haisimami. Na wale wa nyumbani mnaoweka simu bondi kwa jirani bila hata kikaratasi, nyinyi hata pa kusimama siku ya ugomvi hamna.

Wiki iliyopita kijana wa Mombasa anayesoma hapa alinipigia. Anataka kuweka kompyuta yake mpakato, wampe 200. Nikamuuliza atapata pesa ya kukomboa lini, tarehe ngapi, kutoka wapi. Akanyamaza. Nikasikia anafunga mlango ili wenzake wasisikie.

"Sijui, dada," akasema.

Nikamwambia aiuze.