Maswali ya Wasomaji: Nyangumi hawa wamepotea au wamekuja kuzaa?

SWALI: Niliona video ya nyangumi mwenye nundu na mtoto wake, wako karibu na ufuo kabisa. Wenzangu wakashikilia kwamba wamepotea njia, kwani nyangumi ni wa bahari kuu. Mimi nasema wamekuja kuzaa. Nani mkweli? Na kama ni kuzaa, hukusanyika wapi? – Mbishi

JIBU: Mbishi, safari hii ubishi wako una mashiko. Hawajapotea hata kidogo.

Nyangumi wenye nundu hula kwenye maji ya baridi na kuzalia kwenye maji ya joto. Wa kusini hujishibisha kwa vijikamba vya Antaktika, kisha hupanda kuelekea ikweta. Kuanzia Julai hadi Oktoba hivi utawakuta Msumbiji, Komoro na mashariki mwa Madagaska, hasa Ghuba ya Antongil. Wengine husogea hadi Tanzania na Kenya wakati kusi linavuma. Upande mwingine wa dunia kuna Abrolhos nchini Brazili, Tonga, na pwani ya Kolombia. Wa kaskazini kalenda yao imegeuka: wao hukusanyika miezi ya Desemba hadi Aprili, huko Hawaii kwenye maji yaliyo kati ya Maui na visiwa jirani, na Silver Bank, kaskazini mwa Jamhuri ya Dominika, eneo lililotengwa kama hifadhi mwaka 1986.

Ukiyapima maeneo hayo utaona yanafanana: joto la maji ni nyuzi 21 hadi 28, kina si kirefu, na kuna visiwa au miamba karibu. Chakula chao ndicho hakipo. Mimba huchukua miezi 11 hadi 12, kwa hiyo jike aliyepandwa huku msimu huu hurudi kuzaa msimu ujao, na hunyonyesha akiwa na njaa, kwa akiba ya shahamu yake mwenyewe. Mtoto huzaliwa na urefu wa mita 4 hivi.

Sasa kwa nini aache chakula aje penye njaa? Wapo wataalamu wanaosema ni joto, maana mtoto bado hana shahamu nene. Wengine wanasema ni kuwakimbia nyangumi wauaji, ambao huwinda watoto. Mimi naegemea hawa wa pili, na sababu yangu ni Ghuba ya Exmouth, magharibi mwa Australia. Huko watafiti waliwabandika mama na watoto vinasa sauti vyenye vikombe vya kunyonya, na mwaka 2017 wakachapisha walichosikia: milio ya chini mno, isiyofika mbali, na miguno ya miili ikisuguana mtoto anapotaka kunyonya. Mnyama wa tani 30 ananong'ona! Anayenong'ona hivyo ana anayemwogopa.

Na si wauaji peke yao. Madume wa jamii yake nao ni kero. Kwenye maji ya kina zaidi utaona jike mmoja ametangulia, nyuma yake madume kadhaa wanagombana: wanapigana mikia, wanapuliza mapovu, wanagongana mpaka nundu zinachubuka na kutoa damu. Dume mwingine hujitenga, akaning'inia kichwa chini, akaimba. Wimbo mmoja huchukua dakika 10 hadi 20, naye huurudia saa nyingi. Watafiti Roger Payne na Scott McVay waliueleza mpangilio wake mwaka 1971. Mama mwenye kichanga hana haja na purukushani hizo, ndiyo maana husogea majini pa kina kifupi. Waambie wenzako hivyo.

SWALI: Je, nyangumi hurudi pale pale kila mara?

JIBU: Wengi ndiyo, ila si sheria. Upande wa chini wa mkia una mabaka yasiyofanana kati ya nyangumi mmoja na mwingine, hivyo picha humtambulisha. Jike aliyepigwa picha Abrolhos mwaka 1999 alionekana Madagaska mwaka 2001. Dume wa Kolombia, aliyeonekana huko mwaka 2013, alikutwa Zanzibar mwaka 2022, umbali wa zaidi ya kilomita 13,000. Tena wapo wasiohama kabisa: wa Bahari ya Arabu, kando ya Omani, hula na kuzaa huko huko.

SWALI: Nikiwa kwenye boti nikamwona mtoto yuko peke yake, nimsaidie?

JIBU: Usithubutu. Mtoto hupanda kuvuta pumzi kila baada ya dakika chache, lakini mama huweza kukaa chini muda mrefu zaidi. Huyo si yatima. Mama yake yuko chini yake. Sheria ya Hawaii inataka boti ikae angalau yadi 100, yaani mita 91. Hata pasipo na sheria, mimi ningekaa mbali zaidi ya hapo.