Weka Chupa ya Gesi Chini, Shika Mita Kwanza

Kila inapoingia Crown au Harrier yenye AC ya otomatiki, iwe Igoma, Nyakato au Buhongwa hapa Mwanza, kijana ni yuleyule: mteja hajamaliza kusema "fundi, haileti ubaridi", chupa ya gesi imeshafunguliwa. Inauma, wadogo zangu, kwa sababu mikono yenu ni mizuri. Kinachokosekana ni subira ya dakika kumi na mita ya kawaida ya umeme. Haya ni ya sensa za joto: ya nje, ya ndani na ya evaporeta, yaani kile kipoozeo cha hewa kilicho chini ya dashibodi.

1. Kompresa ikiwa imelala, geji haikuambii gesi ni kiasi gani.

Hili ndilo kosa letu mafundi, wakubwa kwa wadogo, na tukiri. Waya wa sensa ya evaporeta umekatika. Ukinzani wa sensa hizi hupanda joto linaposhuka, kwa hiyo kompyuta ya AC ikiona waya umekatika inaamini evaporeta imeganda barafu. Inafanya inavyopaswa: inainyima kompresa umeme, klachi inayoiunga na mzunguko wa injini haikamati. Fundi anafunga geji za presha, anaona bluu (upande wa presha ndogo) psi 90, nyekundu (upande wa presha kubwa) psi 90. Anaitazama nyekundu, anakumbuka ilitakiwa ipande hadi 200 hivi, anatangaza gesi imepungua.

Lakini kompresa ikisimama pande mbili husawazika, na R134a, gesi ya AC hizi, kwenye nyuzi 28 hukaa karibu psi 90, iwe mfumo una gramu 200 au 600. Maadamu ndani bado kuna gesi ya kimiminika, namba haibadiliki. Anaongeza. Klachi haikamati. Anaongeza tena. Anabadilisha swichi ya presha, kisha rilei, mwisho anaunga klachi moja kwa moja na betri. Sasa inakamata, ila gesi imezidi kile kilichoandikwa kwenye lebo chini ya boneti, na swichi ya presha iliyowekwa kukata umeme hatari ikifika haina tena sauti, maana umeme haupiti kwake. Nyekundu inapita 350, kompresa inalia, na siku si nyingi inakufa. Mwenye gari amelipia gesi, swichi, rilei na kompresa, wakati kasoro ilikuwa waya mwembamba uliotafunwa na panya chini ya dashibodi, au pini moja iliyorudi nyuma kwenye soketi. Hiyo pesa ni ya mtu anayeamka saa tisa usiku kuwahi dagaa soko la Mwaloni. Tumemtia hasara.

2. Liulize gari kwanza. Kwenye Toyota nyingi, bonyeza AUTO pamoja na kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani huku ukiwasha swichi. Taa zitapepesa mara nne, kisha namba zitatokea: 11 sensa ya ndani, 12 ya nje, 13 ya evaporeta. Kwenye mashine ya kusomea makosa ya gari utaziona kama B1411, B1412 na B1413. Namba 21 ni sensa ya jua, nayo hutokea hata ikiwa nzima kama gari liko kivulini; lisukumeni juani kabla ya kuihukumu.

3. Mashine ikisoma nje −23.3, au evaporeta −29.7, Mwanza hakuna baridi hiyo: mzunguko umekatika mahali. Ikisoma nje 65.95 au evaporeta 59.55, kuna shoti.

4. Sasa mita. Chomoa soketi ya sensa, washa swichi, pima kati ya pini mbili za upande wa waya: utafute volti 5 hivi. Kisha ziunge pini hizo kwa kipande cha waya huku mwenzako akitazama mashine. Usomaji ukiruka kutoka baridi ya mwisho hadi joto la mwisho, waya na kompyuta ni vizima. Sensa imekufa, nenda kanunue. Kama kati ya pini hakuna 5, weka ncha nyeusi ya mita kwenye bodi ya gari. Ikitokea 5 hapo, waya wa kurudi ndio umekatika. Isipotokea, fuata waya wa ishara hadi kwenye kompyuta. Taa ya kupimia iacheni sandukuni; inavuta umeme mwingi kuliko mzunguko huu unavyoweza kutoa.

5. Kabla ya kutupa sensa, itumbukize kichwa kwenye glasi ya barafu iliyopondwa na maji, koroga, subiri dakika tano. Hapo ni nyuzi 0, na ya evaporeta kwa Toyota nyingi inatakiwa isome kilo-omu 4.4 hadi 5.4. Ya nje, kwenye nyuzi 25, kilo-omu 1.6 hadi 1.8. Maji yanayochemka msiyafanye kipimo cha 100: kwenye mwinuko wetu huu yanachemka karibu nyuzi 96.

6. Sensa ya ndani na redio. Gari la Japani mara nyingi linakuja na redio isiyovuka FM 90, kwa hiyo karibu kila mmoja anaibadilisha. Nyuma ya kitundu kidogo chenye matundu kwenye dashibodi kuna sensa, na bomba jembamba linalovuta hewa ya chumbani ipite juu yake. Aliyefunga redio amelichomoa bomba, hakulirudisha. Sensa sasa inapima joto la dashibodi, AC inapuliza baridi kwa nguvu kana kwamba chumbani kuna moto, na hakuna namba ya kosa. Washa feni, sogeza kipande cha karatasi laini kwenye kitundu. Kikinata, bomba lipo. Kikianguka, toa redio.

7. Msiweke rezista, kile kipande chenye ukinzani usiobadilika, badala ya sensa ya evaporeta. Kompresa haitakata kamwe, hewa ya ziwani ina unyevu mwingi, barafu inajijenga. Mteja anayekwenda Musoma akifika Bunda upepo umekwisha, akizima nusu saa unarudi, maji yanamwagika miguuni.

8. Soketi ya sensa ya nje iko mbele ya kondensa, ile rejeta ya AC, inapigwa na maji ya mashine ya kuoshea. Ikiwa na kutu ya kijani, safisha kabla ya kununua chochote. Na ukishatengeneza, usomaji wa nje hupanda na kushuka taratibu, kwa kuwa kompyuta inauchelewesha makusudi ili joto la injini lisiidanganye. Endesheni gari hadi Usagara na kurudi ndipo mseme sensa mpya ni mbovu.