TRAPPIST-1 b kujirudia kwenye jedwali la NASA: usifute, chuja

Waalaykumu salaam ndugu yangu. Umevuta jedwali la ps kutoka NASA Exoplanet Archive, hifadhi ya data za sayari zinazozunguka nyota nyingine, kwa Python, sayari ya TRAPPIST-1 b ikakutokea mara chungu nzima, na sasa unauliza kama ufute zinazojirudia ubakishe ya kwanza. Usifute. Hizo si nakala. Kwenye ps kila mstari ni sayari moja kwa mujibu wa utafiti mmoja, kwa hiyo iliyopimwa na wengi ina mistari mingi, na vipimo havilingani. Wa kwanza umetangulia tu, haina maana ndio bora. Weka sharti:

select pl_name, pl_rade, pl_bmasse from ps where default_flag=1

Hapo unaomba jina, nusukipenyo na tungamo (hivi viwili vikilinganishwa na vya Dunia). Utapata mstari mmoja kwa kila sayari, ule walioteua watunzaji wenyewe. Kasoro yake ni mapengo: utafiti uliopima nusukipenyo peke yake haukupi tungamo.

Wengine watakwambia hamia jedwali jingine la hapo hapo, pscomppars, huko mapengo ni machache. Kweli, ila yamezibwa kwa kuokoteza tafiti tofauti, na tungamo ambalo halijapimwa kabisa limekisiwa kwa fomula kutokana na nusukipenyo. Wanafunzi wangu hapa Wete walichora tungamo dhidi ya nusukipenyo, sayari chungu nzima zikajipanga safi kama wako gwaride la Mapinduzi, darasa likashangilia. Kumbe walikuwa wamechora fomula! Kwa hiyo omba na safu ya pl_bmassprov, inayosema tungamo limepatikanaje. Ikisoma "M-R relationship", yaani limekisiwa kwa fomula, weka kando. Ikisoma "Msini", hicho ni kiwango cha chini, sayari yenyewe yaweza kuwa nzito zaidi.

Mengine ni madogo. Anwani ya kutumia ombi huishia TAP/sync, ongeza format=csv, pandas (maktaba ya Python ya majedwali) itasoma moja kwa moja kwa read_csv. Hifadhi faili, bando lisiishe kwa kuvuta kitu kile kile kila siku. Kupunguza mistari andika top 10 baada ya select, usiandike limit. Umbali, sy_dist, uko kwa parseki: zidisha kwa 3.26 upate miaka ya nuru.

Ukishazoea, chuja safu ya dec, yaani nyuzi za nyota kaskazini au kusini mwa ikweta ya anga, kati ya -5.5 na -4.8. Hizo ndizo nyota zinazopita utosini kwetu Pemba, na TRAPPIST-1 yako imo, na sayari zake 7. Ila usiwaahidi watoto kuiona: ni hafifu mno, hata kwa darubini ndogo za skuli.