Kabla ya kumwaga dawa bandani, ujue kirusi kina koti au hakina

Kuku wangu wa kwanza waliisha kiangazi kimoja hapa Ipuli, Tabora. Walianza majogoo wawili: wakahema kwa shida, wakanya kijani, kisha shingo zikapinda. Nilikimbilia duka la dawa za mifugo, nikauziwa OTC, antibiotiki ya unga, nikawawekea kwenye maji siku nne. Kati ya kuku 43 walibaki watano.

Kilikuwa kideri, ambacho wengine huita mdondo. OTC huzuia bakteria wasitengeneze protini zao, lakini kirusi hakina kiwanda cha namna hiyo. Kirusi cha kideri ni uzi wa RNA, yaani maelekezo ya kutengeneza virusi vipya, uliofungwa ndani ya protini, juu yake kuna utando wa mafuta, na kwenye utando huo imechomoza miiba midogo. Mwiba wa aina moja hushika seli ya kuku, wa aina nyingine huunganisha utando wa kirusi na ule wa seli. Uzi ukishaingia, seli ya kuku ndiyo inayotengeneza virusi vipya. Kwa hiyo pesa yangu ya OTC ilikwenda bure, na bado inaniuma.

Huo utando wa mafuta mimi nauita koti, nao ndio udhaifu wa kideri. Sabuni inayotoa mafuta kwenye sufuria ya nyama ndiyo hiyo hiyo inayoliyeyusha koti, na kirusi bila koti lake hakiwezi kuingia kwenye seli. Nikaosha banda, vyombo na viatu kwa sabuni, nikaamini nimejua kila kitu.

Mwaka uliofuata nikaleta vifaranga wa kisasa. Wakiwa na wiki nne wakajikunyata, wakaharisha maji meupe: Gumboro. Nikaosha kwa sabuni ile ile, nikaingiza kundi jipya, nalo likaugua. Kirusi cha Gumboro hakina koti, kina ganda gumu la protini tu, na hukaa bandani miezi mingi. Afisa mifugo ndiye aliyenifungua macho: kwangua na uondoe pumba zote za sakafuni, osha mpaka kinyesi kiishe, ndipo upulize dawa yenye glutaraldehaidi, kemikali inayoua hata kirusi kisicho na koti. Ukipuliza juu ya uchafu, dawa inaishia kwenye uchafu.

Ila msidharau kila chenye koti. Cha homa ya nguruwe ya Afrika kinalo, na bado huishi muda mrefu ndani ya nyama. Mnaowalisha nguruwe makombo ya kitimoto, tafadhali yachemsheni kwanza.

Kwa kideri, tegemeo ni chanjo. Natumia I-2, tone moja jichoni, narudia kila baada ya miezi minne, na moja ya zamu hizo naiweka kabla ya kiangazi. Inavumilia joto kuliko chanjo nyingi, lakini isipigwe jua. Naifunga kwa kitambaa kilicholowa maji. Chanja kuku wakiwa wazima. Kinga huchukua wiki moja hadi mbili kujengeka, na aliyekwisha kuugua haponi kwa chanjo.

Dozi za chupa moja huwazidi kuku wangu, hivyo tunachangishana na majirani wanne. Tunaanza alfajiri, kabla mabanda hayajafunguliwa, na tunaimaliza siku hiyo hiyo.